Mwizi Kapita, Mwenye Nyumba Kafungwa: Tamko Kuhusu Akaunti za Gemu Zilizodukuliwa Kisha Kufungiwa

Sisi, wanachama wa chama cha wachezaji wa gemu za mtandaoni wa Dar es Salaam, baada ya kukutana katika mkutano wa dharura, tunatoa tamko hili kwa kampuni zinazoendesha gemu, kwa kampuni za simu, kwa mamlaka za nchi, na kwa wachezaji wenzetu pamoja na wazazi wanaolipia bando.

Jambo lililotukutanisha ni hili. Akaunti ya mchezaji inaibwa. Mwizi anaingia, anapachika programu ya kulenga shabaha au ya kuona nyuma ya kuta, anaua watu kwa saa kadhaa, anawatapeli marafiki waliomo kwenye orodha, kisha anatokomea. Mtambo wa kampuni unaunasa udanganyifu huo na kuifungia akaunti. Siku mwenye mali anapofanikiwa kuirudisha, baada ya kuhangaika na barua pepe na meseji za uthibitisho, anakuta amehukumiwa. Rekodi inasema yeye ndiye mdanganyifu. Wenyewe mtaani tunasema kapigwa bani, na mara nyingi ni bani ya maisha.

Kesi iliyotufanya tuitishe mkutano ni ya mwanachama wetu, fundi simu wa Kariakoo, aliyecheza gemu moja ya risasi kwa miaka minne. Hatufichi lililotokea: alibofya kiungo kilichomwahidi skini, yaani pambo la ndani ya gemu, ya bure, akajaza nywila yake kwenye ukurasa uliofanana na ule wa kweli. Kesho yake alfajiri alipanda basi kwenda Mbeya, na kabla ya kufika Morogoro simu ikazima chaji. Aliposhuka jioni na kuiwasha, meseji zilimiminika: nywila imebadilishwa, barua pepe imebadilishwa, kifaa kipya kimeingia. Ilimchukua siku nne kuikomboa akaunti. Alipoingia, tangazo jekundu lilimwambia kwamba amefungiwa kwa kutumia programu haramu mchana uleule aliokuwa ndani ya basi. Akaandika rufaa. Jibu lilirudi baada ya dakika mbili, kwa Kiingereza kilichonyooka kama risala: tumepitia suala lako kwa makini, uamuzi ni wa mwisho.

Dakika mbili. Tunaomba kila anayesoma tamko hili aipime makini hiyo.

Msimamo wetu ni kwamba katika kesi za aina hii mzigo wa kuthibitisha umewekwa kichwani mwa asiyeweza kuubeba. Mchezaji ana nini mkononi? Ana tiketi ya basi, meseji ya malipo, na neno lake. Kampuni ndiyo yenye kumbukumbu za seva: akaunti iliingia saa ngapi, kwa anwani gani ya IP, kwa simu ya aina gani, lugha gani imewekwa, nywila ilibadilishwa dakika ngapi kabla ya risasi ya kwanza ya udanganyifu. Akaunti iliyoingia miaka minne kwa simu ileile kutoka Dar es Salaam, kisha ghafla ikaingia kwa kifaa kigeni kutoka nchi nyingine, ikabadilishwa barua pepe na siku hiyohiyo ikaanza kudanganya, inajieleza yenyewe kwa yeyote atakayeifungua na kuisoma. Tunachodai ni isomwe na mtu.

Tunaifahamu hoja ya upande wa pili, na si hoja ya kipuuzi. Kila mdanganyifu aliyenaswa husema akaunti ilidukuliwa, na asiyesema hivyo husema ni mdogo wake aliyekuwa anacheza. Valve, wenye duka la gemu la Steam, wanashikilia kwamba mwenye akaunti ndiye anayewajibika kwa usalama na matumizi yake, na marufuku ya VAC, mtambo wao wa kunasa wadanganyifu, ni ya kudumu. Kampuni ikianza kusamehe kila anayelia, wadanganyifu watajifunza kulia vizuri. Sisi tunaocheza kwa haki ndio wa kwanza kuumia gemu ikijaa wadanganyifu wa shabaha, na hatuombi mitambo ya kuwanasa ilegezwe hata kidogo. Lakini wingi wa waongo haumfanyi mkweli kuwa mwongo. Isitoshe, kampuni zenyewe zimewahi kukiri, hadharani na kwa maandishi, kwamba mitambo na watu wao hukosea.

Mwaka 2010 Valve iliwafungia wachezaji wapatao 12,000 wa Call of Duty: Modern Warfare 2 waliokuwa hawajafanya kosa lolote, chanzo kilikuwa mkanganyiko wa mafaili wakati Steam ikisasisha gemu. Mkuu wa kampuni, Gabe Newell, aliomba radhi, marufuku zikaondolewa, na kila aliyeonewa akapewa gemu ya Left 4 Dead 2 pamoja na nakala ya pili ya kumzawadia rafiki. Miaka 13 baadaye, Oktoba 2023, kampuni ya AMD ilitoa programu endeshi ya kadi za picha yenye kipengele cha Anti-Lag+, na waliokiwasha ndani ya Counter-Strike 2 wakajikuta wamefungiwa, kwa kuwa kipengele hicho kiligusa msimbo wa gemu kwa namna inayofanana na ya wadanganyifu. AMD ikaiondoa programu hiyo, Valve ikaanza kuwafungulia waliofungwa. Oktoba 2024 Activision nayo ikakiri kwamba mtambo wake wa Ricochet katika Call of Duty ulikuwa na mwanya uliosababisha wachezaji halali kufungiwa, ikasema akaunti hizo zimerudishwa.

Mfano unaotugusa zaidi ni wa Machi 2024. Katika fainali za Amerika Kaskazini za mashindano ya Apex Legends, katikati ya mchezo, dunia nzima ikitazama, mdukuzi aliwapachikia wachezaji wawili wa kulipwa zana za udanganyifu: mmoja akaanza kuwaona wapinzani kupitia kuta, mwingine akawekewa kulenga kwa msaada wa mashine. Hawakuomba wala hawakujua. Waandaaji walisimamisha fainali na kuiahirisha. Hebu fikiria jambo hilohilo lingempata kijana wa Tandale saa sita usiku, bila kamera wala mtangazaji. Angekuwa na shahidi gani?

Na kuna Januari 2022. Electronic Arts, wenye gemu ya FIFA, ilitangaza kwamba akaunti zisizofika 50 za wachezaji wa FIFA 22, wengi wao wakiwa wafanyabiashara wakubwa wa kadi za wachezaji katika Ultimate Team, zilitekwa. Tunaomba wazazi wasome hapa taratibu. Baadhi ya waathirika walikuwa wamewasha uthibitishaji wa hatua mbili. Wezi hawakuvunja mlango. Waliwatishia na kuwalaghai wahudumu wa wateja hadi wakabadilishiwa barua pepe za watu. Kampuni ilikiri kosa la kibinadamu ndani ya kitengo chake, ikaahidi kuwafunza upya wahudumu wake na kuweka sharti kwamba ombi lolote la kubadili barua pepe lazima liidhinishwe na meneja. Basi hata aliyefunga mlango na dirisha aliibiwa, kwa sababu mlinzi wa geti alimpa mwizi ufunguo. Kauli ya kwamba usalama wa akaunti ni jukumu la mchezaji peke yake iliishia siku hiyo.

Yapo pia mambo ya kwetu ambayo waliotengeneza mitambo hiyo pengine hawakuyafikiria. Mitandao ya simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya IP ya nje, kwa kuwa anwani za IP za mfumo wa zamani ni chache. Anwani inayoonekana kwenye seva za Singapore au Virginia kama nyumba moja, hapa ni nusu ya Mbagala. Mtambo ukiitilia shaka anwani hiyo, hauwezi kujua umemshuku nani. Kisha kuna simu za mtumba. Maelfu ya vijana wetu wanacheza kwa simu iliyotumika kwanza kwingine, na baadhi ya kampuni hufungia kifaa chenyewe, si akaunti tu. Mtu ananunua simu Kariakoo kwa fedha halali, anaweka gemu, anakuta kifaa kina kifungo cha mtu asiyemjua. Na kuna simu moja ya familia inayochezewa na watoto watatu kwa zamu, na mashine za vibanda vya gemu zinazoingiwa na watu ishirini kwa siku. Mchuma janga hula na wa kwao, walisema wazee, lakini hawakumaanisha ale na mteja aliyeketi kwenye kiti hichohicho kesho yake.

Sasa tugeukie nyumbani, maana tamko la kulaumu wengine tu ni rahisi mno kuandika.

Mkutano wetu ulitumia muda mrefu kuliko ilivyopangwa kujadili tabia zetu wenyewe, na haukuwa mjadala mtulivu. Wapo miongoni mwetu wanaonunua akaunti zilizopanda daraja. Wapo wanaompa mchuuzi wa mtaani nywila ili awawekee sarafu za gemu kwa bei ya chini, kisha wanashangaa akaunti kufungiwa baada ya sarafu hizo kugundulika zimenunuliwa kwa kadi ya wizi. Wapo wanaomlipa mtu mwenye kidole chepesi awapandishie kiwango usiku wakilala. Kampuni karibu zote zinakataza haya katika masharti yao, na kwenye kumbukumbu za seva mpandishaji wa kulipwa anafanana sana na mwizi: kifaa kipya, mahali papya, uchezaji tofauti. Tunaharibu ushahidi wetu kwa mikono yetu. Kwa hiyo chama kimeamua, kwa kura, kwamba hakitamwandikia barua ya utetezi mwanachama aliyenunua, kuuza au kukodisha akaunti. Uamuzi huu umewakasirisha baadhi ya watu wazuri. Umepita hata hivyo.

Kwa kampuni za gemu, tunadai yafuatayo. Akaunti ikiripotiwa kuwa imeibwa, kifungo chochote kilichotolewa ndani ya kipindi cha wizi kihesabiwe kuwa cha muda hadi uchunguzi ukamilike, na ripoti ya wizi na rufaa ya kifungo zisomwe pamoja na mtu mmoja. Leo zinakwenda madawati mawili yasiyozungumza: dawati la kwanza linakubali kwa maandishi kwamba umeibiwa na kukurudishia akaunti, la pili linakuadhibu kwa yale yaliyofanyika ulipokuwa umeibiwa. Katika yote tuliyoyasikia mkutanoni, hakuna lililotuudhi kama hili. Ni kampuni ileile inayotamka mambo mawili yasiyoweza kuwa kweli kwa wakati mmoja.

Tunadai pia mchezaji aelezwe kosa. Hatuombi siri za mtambo, tunajua zikitoka wadanganyifu ndio watakaofaidi. Tunaomba tarehe, saa, aina ya kifaa na nchi ambako kosa lilitendeka. Mistari minne tu ingetosha kwa fundi wetu kuonyesha kwamba saa hiyo simu yake ilikuwa haina chaji. Na jibu la rufaa liandikwe na binadamu, kwa Kiswahili pale mchezaji anapoandika kwa Kiswahili. Mtoto wa miaka 15 aliyekulia Kigoma anaweza kucheza gemu nzima bila kujua Kiingereza, na sarafu zake zinapokewa bila kuulizwa lugha. Pale inapobainika kwamba mchezaji alionewa, arudishiwe vitu vyote alivyonunua kwa fedha halisi, na jina lake lisafishwe kwenye rekodi. Valve iliyaweza haya mwaka 2010 kwa watu 12,000 kwa mkupuo. Sisi tunaomba kwa mmojammoja.

Madai haya si mageni duniani. Sheria ya Huduma za Kidijitali ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza kutumika kikamilifu tarehe 17 Februari 2024, inayataka majukwaa ya mtandaoni yamweleze mtumiaji sababu ya kumfungia akaunti, na inakataza malalamiko yake yaamuliwe na mashine pekee. Si kila gemu inahesabika kuwa jukwaa kwa mujibu wa sheria hiyo, lakini kanuni yake ndiyo tunayoisemea. Nyumbani tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Inampa mtu haki ya kupata taarifa zake zinazoshikiliwa na mwingine, na inamlinda dhidi ya maamuzi yanayofanywa na mitambo peke yake. Majirani zetu wa Kenya wana ulinzi wa namna hiyohiyo katika sheria yao ya mwaka 2019. Kampuni nyingi za gemu hazina ofisi hapa, zina wateja tu. Tunaiomba Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi iziandikie na kuzieleza kwamba kumbukumbu za kuingia kwenye akaunti ni taarifa za mtu, na mtu huyo ana haki ya kuziona.

Kwa Jeshi la Polisi tuna ombi dogo. Kuingia kwenye mfumo wa kompyuta bila ruhusa ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na sheria haikusema isipokuwa kama ni gemu. Fundi wetu alipokwenda kituoni kuomba RB, yaani namba ya kuripoti tukio polisi, alichekwa kwanza, kisha akaulizwa kama hana kazi. Alipewa hatimaye, na tunashukuru. Tungependa kicheko kiondolewe kwenye utaratibu. Akaunti iliyolipiwa kidogokidogo kwa miaka minne ni mali kama pikipiki.

Kampuni za simu zinaingia hapa kwa sababu ya laini. Namba ya simu imekuwa ufunguo wa kila kitu, na anayefanikiwa kuhamishia laini yako kwenye kadi yake anapokea meseji zako zote za uthibitisho. Tunataka mteja ajulishwe kwa njia nyingine, mbali na laini yenyewe, kabla laini yake haijahamishwa. Wachezaji nao wapige *106# waone ni namba ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chao. Baadhi yetu tulipiga mkutanoni palepale, na watu wawili walitoka nje kupiga simu huduma kwa wateja.

Kwenu wachezaji tunasema kwa kifupi, maana mengi mnayajua na hamyafanyi. Ukiibiwa, usianze na gemu. Anza na mzizi wake. Gemu nyingi za simu zimeunganishwa na akaunti ya Google au Facebook, na mwizi akiwa bado amekaa huko utairudisha gemu asubuhi na kuipoteza jioni. Google huruhusu namba au barua pepe yako ya zamani ya urejeshaji itumike hadi siku 7 baada ya kubadilishwa na mwizi, kwa hiyo siku za kwanza ni za dhahabu, usizimalize kwa kulalamika kwenye makundi ya WhatsApp. Toa vifaa vyote usivyovitambua, badili nywila, ndipo uwaandikie wenye gemu. Waandikie mara moja, kwa mpangilio wa saa: nilicheza mara ya mwisho lini, kwa simu gani, nilipata taarifa ya kwanza saa ngapi, nilikuwa wapi. Weka namba yako ya mchezaji, si jina la utani, maana jina mwizi ameshalibadilisha. Weka risiti. Za Google Play huwa na namba inayoanza na herufi GPA, na zimo kwenye barua pepe yako tangu ununuzi wa kwanza. Ule wa kwanza kabisa ndio wenye nguvu, kwani mwizi hana. Risiti hizo usizirushe hadharani, zinaweza kumsaidia mwingine ajifanye wewe.

Usitukane katika rufaa. Usitume rufaa ishirini kwa siku. Usiombe benki au kampuni ya malipo irudishe fedha zako kwa hasira kabla rufaa haijaisha, kwa kuwa kampuni nyingi zikiona malipo yamerudishwa huifungia akaunti kwa sababu mpya, na hapo utakuwa umewapa kosa la kweli. Na yule kijana wa Telegram anayesema ana mtu wake ndani ya kampuni, anayefungua bani kwa shilingi 50,000, hana mtu. Wanachama wetu watatu wameshamlipa, kwa majina matatu tofauti.

Wazazi, akaunti ya mtoto iandikishwe kwa barua pepe mnayoweza kuifungua na kwa tarehe ya kweli ya kuzaliwa. Mtoto aliyejiandikisha kuwa na miaka 25 hawezi kuthibitisha kuwa ni yeye anapoulizwa kitambulisho.

Chama kimeunda kamati ya watu watano itakayopokea kesi za akaunti zilizoibwa na kufungiwa, kuzipanga kwa saa na tarehe, kuzitafsiri pale inapolazimu, na kuzituma kwa kampuni husika pamoja na nakala kwa Tume. Huduma hiyo ni bure. Kesi ya kwanza ni ya fundi wetu wa Kariakoo. Rufaa yake ya pili imekwenda ikiwa na namba ya RB, risiti yake ya kwanza, picha ya tiketi ya basi na maelezo ya abiria aliyekaa naye kiti kimoja hadi Mbeya. Hadi tunatoa tamko hili haijajibiwa, na safari hii dakika mbili zimeshapita zamani.

Limetolewa Dar es Salaam na Kamati Tendaji, kwa niaba ya wanachama.